Nyota Isiyoonekana Garsen

Mbuzi wa Garsen waliwahi kulila jua. Nilikuwepo. Lilikuwa tikiti maji kubwa ambalo Mwalimu wa Nyota aliliweka mlangoni pa darasa la sita, akatuambia kwamba hilo ndilo jua letu kwa siku ile. Kisha akatutoa nje kwa mstari mmoja, tukahesabu hatua kwa sauti kuelekea barabarani. Tulipofika arobaini akainama na kuweka punje moja ya mtama juu ya jiwe. "Hapa ndipo tunapoishi," akasema. "Mama zenu, ng'ombe wenu, Mto Tana, Nairobi na vyote vilivyomo." Tuliiinamia ile punje mmoja mmoja, kila mtu akitafuta kwao. Tukaendelea mpaka kwenye ndimu, ambayo ilikuwa sayari kubwa kuliko zote, na hapo tulikuwa tumeshaupita msikiti. Tulipogeuka kulitazama jua letu, tukakuta mbuzi wawili wamelimaliza, wanalamba ganda.

Mwalimu mwingine angeshika kiboko. Yeye alitazama saa yake. "Kule kwenye punje bado ni mchana," alisema. "Habari haijafika. Itachukua dakika nane." Akaturudisha kwenye lile jiwe, tukasimama kuizunguka punje ya mtama, watoto sitini wazima, kimya, tukingoja giza. Upepo ulikuwa mwepesi. Punda walipita na mitungi yao ya maji. Nilianza kuogopa kwenye dakika ya sita, na hadi leo, mtu mzima mwenye watoto wangu, kuna nyakati naona kama bado tumesimama pale.

Jina lake nalijua lakini silitaji, maana hakuna aliyelitumia. Kwa wazazi alikuwa Mwalimu wa Nyota, kwa vijana wa stendi, ambao mwalimu humwita odijo, alikuwa odijo wa nyota, na kwa mwalimu mkuu alikuwa kichwa kinachouma. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye mashati mawili. Siku za juma alitufundisha Sayansi na Jiografia. Jumamosi alifunga sanduku la bati nyuma ya baiskeli na kwenda kwenye shule nyingine kufundisha habari za mbingu, bila kutumwa na mtu. Likizo zikifika alidandia lori hadi Bura na Nanighi, au aliteremka Kipini. Ndani ya sanduku mlikuwa na mpira, karabai, kioo cha kujitazamia, na darubini ya macho mawili ambayo jicho moja lilikuwa limekufa. Tuliitazamia kwa zamu, na kila mtoto alianza kwa lile jicho bovu, akasema haoni kitu, kisha akapigwa kijembe na wenzake.

Kazi yake nyingi aliifanya mchana. Watu husahau hilo. Alikuwa akikifunika kile kioo kwa karatasi, akaacha tundu dogo kama ukucha wa mtoto, akakiegemeza nje kwenye jua, na sisi tukafunga madirisha yote ya darasa kwa magunia. Jua likaingia likakaa ukutani, duara jeupe lisiloumiza macho, ukubwa wa sahani. Wingu likipita mbinguni, lilipita pia ukutani mwetu. Tukikaa kimya tuliliona lile duara likisogea pole pole kuelekea ramani ya Kenya. "Halisogei hilo," alinong'ona, "mnasogea nyinyi." Nililishika dawati kwa mikono miwili. Nilihisi darasa zima, pamoja na mwalimu wake na magunia yake, likienda zake mashariki na mimi nimo ndani.

Alipenda maswali kuliko majibu, na sisi watoto wa wafugaji tulikuwa nayo ya kumwaga. Mtoto mmoja wa Nanighi alimwuliza nyota zinanyweshwa wapi. Alikaa kitako palepale mchangani akafikiri. Akajibu, "Sijui. Lakini sasa na mimi nitaanza kutafuta kisima chake." Hakucheka hata kidogo. Swali lile alilibeba kama mtu aliyepewa zawadi, akatuhadithia sisi Garsen, akawahadithia Kipini, na kila alipolisimulia alionekana bado anatafuta.

Ila nisimpambe sana. Mtu huyu alijua mwanga unatoka wapi na unafika lini, lakini hakujua viatu vyake viko wapi. Alituchapa kwa kuchelewa, kisha yeye mwenyewe akachelewa darasani kwa sababu alikuwa amesimama uwanjani anautazama mwezi wa mchana. Alikuwa mwoga wa mto. Tukimvusha kwa mtumbwi kwenda shule ya ng'ambo, alifumba macho tangu ukingo huu hadi ule, akiuliza, "Tumefika? Tumefika?" na sisi tukimjibu bado, hata tulipokuwa tumeshafika zamani. Aliwahi kutumbukia kwenye mfereji wa maji wa Bura, mchana kweupe, kwa sababu alikuwa akitembea huku anaangalia juu. Wakulima walimtoa kwa jembe.

Na kila mwaka Ramadhani ikikaribia kwisha, watu walimjia. Yeye hakuwa Mwislamu, lakini walijua anaweza kupiga hesabu ya mwezi. "Mwalimu, tuambie, kesho ni Idi?" Hakuwaambia. "Naweza kuwaonyesha pa kutazama," alisema. "Kuuona ni kazi yenu." Basi magharibi ilipoingia alisimama nyuma ya watu, amenyoosha mkono kuelekea magharibi, kama mlingoti, wala hatazami. Nilimpenda sana kwa hilo, hata kabla sijajua kwa nini.

Alikuwa na neno lake moja alilolirudia mpaka tukalichoka: "Usiniamini. Tazama." Tulilichora hata kwenye ukuta wa choo. Na neno hilo ndilo lililomponza.

Kati ya yote aliyotufundisha, alichokipenda zaidi ni nyota ya kaskazini. Kwenye kitabu chake kulikuwa na picha: nyota saba zenye umbo la kata ya kuchotea maji, na mbili za ukingoni zinaelekeza kwenye nyota moja isiyotembea. Nyingine zote zinazunguka, hiyo imekaa. Mtu aliyepotea akiiona hapotei tena. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za nyumbani kwao. Kata tuliiona, iko wazi kabisa miezi ya Aprili na Mei. Tulizifuata zile mbili za ukingoni kwenda chini, chini, chini, mpaka tukafika kwenye mikoma na moshi wa jioni. Nyota hatukuiona. "Iko nyuma ya miti," alisema. Siku nyingine alisema ni vumbi. Siku nyingine alitupandisha kwenye tuta la barabara, tukasimama juu tumekaza macho. Alikuwa na hamu nayo kuliko sisi.

Jioni moja aliwaita wazazi. Walikuja wachache, na mmoja wao alikuwa baba yangu, mfugaji ambaye shule aliijua kwa kuipita nje tu. Alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea fimbo yake. Kisha akanyoosha kidole.

"Mwalimu. Nyota hiyo unasema hapana tembea. Iko wapi?"

"Iko chini kidogo, Mzee. Miti inaificha."

"Mimi nalala nje tangu mtoto," baba alisema. "Mpaka pahali miti hakuna nimelala. Hapa nyota zote natembea. Zote. Nyota ya kukaa hakuna."

Watu walicheka. Mwalimu naye alicheka, lakini kwa adabu ile ya mtu aliyesoma, na mimi niliona haya. Nilimwonea baba haya. Niseme ukweli, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki: siku ile nilikuwa upande wa kitabu.

Likizo ya Aprili, mwaka wa pili baada ya mafuriko makubwa, nilikuwa darasa la saba. Nyumbani kulikuwa na maneno. Baba yangu mdogo, aliyekuwa akiishi Bura, alikuwa amemwambia baba mara mbili kwamba binti wa umri wangu hana kazi shuleni, na alikuwa na mtu wake tayari wa kunioa. Baba hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mama aliniambia nisifanye kosa lolote. "Usiwape neno la kusema," alinionya. Nilikuwa nikitembea kwetu kama mtu aliyebeba mayai.

Na katika likizo hiyohiyo nikaachiwa ndama tisa.

Niliwapeleka majani ya kando ya mto, karibu na shamba la kina rafiki yangu, Mpokomo, tuliyekaa naye dawati moja. Akaniita kutoka kwenye migomba. Alikuwa amejifunza msuko mpya. Nikakaa chini, nikampa kichwa changu, akasuka, tukala ndizi, tukaongea mambo ya wavulana. Hiyo ndiyo siri yote. Nilipoinuka, jua lilikuwa limeinama na ndama hawakuwepo hata mmoja. Niliwatafuta mpaka nikashindwa kujua nilikotoka. Nililala chini ya kichaka, nimejikunja, nimelowa mpaka mifupani, nikisikia fisi, na nilichokiogopa zaidi hakikuwa fisi.

Baba alinikuta kulipopambazuka. Hakunipiga wala hakunisemesha. Nyuma yake walikuwa watu wanne, na mmoja wao alikuwa Mwalimu wa Nyota, suruali imejaa matope hadi magotini. Ndama sita walipatikana. Watatu hatukuwaona tena.

Tulipofika nyumbani baba mdogo alikuwa ameshuka kwenye lori la asubuhi kutoka Bura. Alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa ameshaambiwa. "Nilisema," akaanza. "Mimi nilisema. Shule ndiyo imeharibu kichwa chake." Wazee wawili wa jirani walitikisa vichwa. Mama alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Baba akaniuliza mbele ya wote, kwa Kiswahili ili Mwalimu aelewe, "Ulienda wapi?"

Msuko ulikuwa bado kichwani mwangu, chini ya ushungi. Nikaangalia chini nikasema: "Nilifuata nyota ya Mwalimu. Ile isiyotembea. Nilipopotea usiku nikaifuata ili nirudi, ikanipeleka mbali."

Baba alimtazama Mwalimu. Mwalimu alimtazama baba. Walitazamana kwa muda mrefu hata nikadhani baba atainua fimbo.

Kisha Mwalimu wa Nyota akapiga magoti. Mtu mzima, mwenye kalamu mfukoni, akapiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe mbele ya baba yangu. "Mzee, kosa ni langu," alisema. "Uliniambia jioni ile, nikacheka. Nyota hiyo hapa haionekani. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona kwa macho. Niliisoma tu, nikaipenda, nikawapa watoto. Kama kuna wa kuadhibiwa, niadhibu mimi. Huyu binti alifanya alichofundishwa."

Baba mdogo alifungua mdomo. Baba akamwinulia mkono. "Umesikia," alisema. "Kosa la mtoto hakuna." Kisha akamgeukia Mwalimu. "Wewe Ijumaa unakuja hapa. Unakaa na mimi nje. Najifunza nyota ya hapa."

Alimaanisha atamfundisha. Na akaja, Ijumaa hiyo na nyingine nyingi, tangu magharibi hadi saa za kulala, wamekaa kwenye ngozi moja wakinywa chai ya maziwa. Baba alimwonyesha nyota za kuhamisha mifugo na zile za kungoja mvua. Mwalimu aliandika. Sauti zao ziliingia ndani nilipokuwa nimelala, moja ya kitabu na moja ya malisho, na nilisinzia bila kujua ni ipi iliyosema nini. Pengine miezi ile ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote katika maisha yangu, na niliiishi nikiwa mwongo.

Maana Mwalimu ndiye aliyelipa. Mwalimu mkuu alimkataza kwenda shule nyingine muhula mzima. Vijana wa stendi walimkaribisha kila asubuhi: "Odijo! Nyota yako imefika?" Alipoanza tena kuzunguka na sanduku lake, kila mahali alianza kwa maneno mapya: "Mimi ni mwalimu niliyekosea." Akawachorea watoto dunia kwenye mpira, akawaonyesha Garsen iko chini ya mstari wa ikweta, na nyota ile imezama ng'ambo ya pili ambako hatuwezi kuiona hata tukipanda mnara. "Kosa kama hili linaweza kumpoteza mtoto," alimalizia. Nilikaa dawati la pili nikiyasikiliza hayo, masikio yanawaka. Mara tatu nilikwenda hadi mlango wa nyumba yake kumwambia. Mara tatu nikarudi. Kila nilipoinua mkono kubisha nilimwona baba mdogo na yule mtu wake tayari.

Nikamaliza darasa la nane. Nikaenda sekondari. Yeye akahamishwa, baba akazeeka, mimi nikawa mwalimu wa Jiografia, na uongo wangu ukazeeka pamoja nami bila kupungua uzito.

Miaka mingi baadaye nilipelekwa Kipini kusimamia mtihani. Jikoni mwa shule mama mmoja akataja mwalimu mstaafu wa bara anayewaita watoto kila Alhamisi kuwaonyesha jua ukutani. Baada ya Alasiri nikaenda. Jirani yake, bibi wa Kipini hasa, alinifungulia ua. "Ngia, mwanangu," alisema. "U nyuma, yuwasoma. Sema kwa nguvu, sikio lake moja limekuwa na kiburi."

Alikuwa mwembamba zaidi, nywele nyeupe, bado na mashati mawili nadhani. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Akaniuliza kuhusu darasa langu, nafundisha nini, watoto wanauliza nini. Nilimjibu kidogo. Kisha nikashindwa.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba radhi," nilisema. Nikamwambia yote. Msuko, ndizi, rafiki yangu, kichaka. Kwamba sikufuata nyota yoyote. Kwamba nilimfanya apige magoti kwenye kinyesi kwa ajili ya nywele zangu. Nilisema kwa nguvu kama nilivyoagizwa, na jirani bila shaka alisikia kila neno.

Alingoja nimalize. Akanisogezea kikombe cha maji.

"Binti," alisema, "baba yako alikuja kunigongea saa mbili usiku, akidhani umekimbilia shule. Tukatoka pamoja. Mvua ilianza kabla hatujafika mtoni ikanyesha hadi karibu na alfajiri. Mbingu ilikuwa imefungwa kama chungu. Nilimshika baba yako shuka nisimpoteze, maana sikuona hata mkono wangu."

Katika miaka yote ile sikuwahi hata mara moja kuikumbuka mvua.

"Hapakuwa na nyota," alisema. "Hata moja. Ulipoifungua ile hadithi yako, nilikuwa bado nakamua maji kwenye shati. Nikamtazama baba yako, naye ananitazama. Ami yako wa Bura anangoja pale, yeye peke yake hajui, amefika asubuhi. Nikaona macho ya baba yako yananiuliza kitu. Nikapiga magoti."

"Baba alijua?"

"Tulikuwa chini ya mvua moja," alisema Mwalimu wa Nyota.

Mzee wangu tulimzika miaka sita kabla ya siku ile. Hadi mwisho wake, kila nilipokwenda nyumbani likizo, alinipokea kwa swali lilelile, anacheka na meno yake machache: umefika vipi, mwanangu, ile nyota yako haikukupoteza njiani? Na mimi nilicheka naye, nikijisikia mwerevu, nikimhurumia kwa jinsi alivyodanganyika.